Injini Isiyolalamika

Nje ya uzio wa uwanja mmoja mdogo wa ndege, upande wa karakana, kuna kibanda cha chai ambacho mwenyewe hajawahi kupanda ndege na hana mpango huo. Anasema amesikia mengi mno. Jumamosi moja ya Julai, msimu wa watalii, watu wanne walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yake, na mimi wa tano nikiwa na daftari. Majina siyataji, maana watatu kati yao bado wanatafuta riziki ndani ya uzio ule. Wa kwanza ni fundi wa injini mwenye leseni, mzee ambaye kucha zake hazijatakata tangu nimfahamu. Wa pili ni rubani, binti wa miaka ishirini na tisa, anayerusha Cessna 206 kwenda viwanja vya changarawe huko mbugani. Wa tatu ni tajiri mwenye ndege tatu na mikopo miwili. Wa nne ni mkaguzi mstaafu wa usafiri wa anga, ambaye mpaka leo anakaa wima kama yuko ofisini.

Rubani ndiye aliyechokoza. Wiki ile alikuwa amerudi uwanjani dakika sita tu baada ya kuruka, kioo cha mbele kimejaa oili.

RUBANI: Injini ile ina saa mia nane tangu ifumuliwe. Mwezi mzima sikuiandikia kasoro hata moja. Ikaingia karakana, si ya Mzee hapa, nyingine, kwa sevisi ya saa mia. Ikatoka Jumanne jioni. Jumatano asubuhi, futi mia saba juu ya ardhi, naona uzi mweusi unapanda kwenye kioo. Kidogo, nyuzi tatu. Kidogo, sioni mbele. Nikageuza, nikatua kwa kuchungulia dirisha la ubavuni. Tulipotoa kava la injini, filta ya oili inazunguka kwa mkono. Haikukazwa, wala haikufungwa waya. Sasa nijibuni: ndege ile isingekuwa salama zaidi kama isingeguswa?

TAJIRI: Hayo nimeyasema miaka yote, naitwa bahili.

FUNDI: Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu.

RUBANI: Ufa upi, Mzee? Mtu akija na patasi kutafuta ufa ukuta mzima, akishaondoka ufa ukaonekana, huo ni wa nani?

Mama wa kibanda alicheka peke yake. Nikawaomba wanipe hoja moja ya kubishania, tusitawanyike. Rubani akaitoa bila kufikiri: injini isiyolalamika isiguswe.

RUBANI: Na sikuitunga mimi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na ndege za kusaka nyambizi za Wajerumani, zikiwemo Liberator. Kila baada ya saa 50 za kuruka ziliingizwa karakana kukaguliwa. Ndege nyingi mno zikawa haziruki, wakaitwa wanasayansi kupiga hesabu, mmoja wao mwanabiolojia, C. H. Waddington. Wakazipanga hitilafu zote kwa kufuata saa zilizopita tangu ukaguzi wa mwisho. Wewe ungetegemea nini? Zianze chache, ziongezeke kadiri saa hamsini zinavyokaribia. Zilikuja kinyume. Hitilafu zilikuwa nyingi pale pale ndege ilipotoka karakana, zikaenda zikipungua hadi ukaguzi unaofuata, kisha zikapanda tena. Ukaguzi wenyewe ndio ulikuwa unavuruga vitu vilivyokuwa vimetulia.

MKAGUZI: Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1973, ninacho nyumbani. Ninayo na ripoti ya Nowlan na Heap ya shirika la ndege la United ya mwaka 1978, ambao walikuta kwamba asilimia 89 ya vifaa walivyovichunguza havikuwa na umri maalumu wa kuchakaa, kwa hiyo kuvibadilisha kwa kalenda hakukusaidia. Sibishani na hesabu. Ila hizo zilikuwa ndege za jeshi na za shirika kubwa, zenye watu wa kusoma takwimu kila asubuhi. Wewe una 206 moja. Takwimu zako ni kumbukumbu ya huyu mzee.

Fundi hakufurahia kuitwa takwimu. Aliweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza mchana ule akaongea kwa kirefu.

FUNDI: Mnaongea kulalamika kwa injini kama vile ni mtoto mwenye njaa. Ndege inayotua kwenye changarawe inakula vumbi. Chujio la hewa likichanika mahali padogo, pasipozidi ukucha, vumbi linaingia kwenye silinda linakuwa msasa. Rubani hasikii kitu. Mishale yote iko kwenye kijani. Mimi nitajuaje? Nachukua filta ya oili, naikata mdomo kama kopo la maziwa. Ndani kuna karatasi yenye mikunjo mikunjo. Naitoa, naitandaza mezani kama mkeka, oili ikichuruzika mpaka kwenye viwiko. Naipitishia sumaku. Vichembe vikirukia sumaku, hicho ni chuma, labda pete za pistoni, labda kemshafti. Visiporuka na vinameta kama fedha, hiyo ni alumini, nafikiria pistoni. Vikiwa na rangi ya shaba, nafikiria bushi. Injini imeshalalamika, mwanangu, tena kwa maandishi. Ila karatasi yake iko ndani ya kopo, na kopo halijifungui lenyewe.

RUBANI: Hapo sina ugomvi na wewe. Umetazama. Hukufumua.

FUNDI: Kukata filta si lazima kwanza niitoe? Na nikishaitoa, si lazima nifunge nyingine? Ile iliyokumwagia oili kiooni ilitoka kwenye kazi hiyo hiyo unayoiita kutazama.

Nakiri hapa nilidhani mjadala umekwisha, na kwamba mzee ameshinda. Rubani alikaa kimya kiasi cha kumaliza chapati nusu. Lakini alirudi na swali bora kuliko lile la mwanzo, na ndilo lililowafanya waache kurushiana methali.

RUBANI: Sawa, basi tupime. Kuna kazi ambayo ukikosea unapoteza oili, na kuna kazi ambayo ukikosea unapoteza silinda. Ipi unaiogopa wewe mwenyewe?

FUNDI: Silinda. Kutoa silinda moja kwenye injini ya sita, kama ya 206.

RUBANI: Waeleze.

FUNDI: Zimelala tatu huku, tatu huku. Kuna bolti ndefu zinazopita kasha la injini kutoka ubavu hadi ubavu. Ncha moja inashika silinda ya kulia, ncha nyingine ya kushoto, na katikati bolti hizo hizo ndizo zinazobana kasha liishike krenki kwenye beringi zake. Kwa hiyo nikilegeza silinda moja tu, nimelegeza mpaka moyoni. Akitokea mtu akazungusha propela wakati huo, kijana tu anayepita anafanya mzaha, beringi inaweza kuhama mahali pake na tundu la oili likaziba. Halafu kurudisha. Nati zinakazwa kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wake, na pande zote mbili, hata ule upande ambao silinda yake hukuigusa. Ukisahau upande wa pili, injini itawaka. Ukiacha rangi chini ya nati, itawaka pia. Itaruka. Lakini ile rangi inakandamizwa taratibu, nati inapoteza mkazo, bolti inaanza kucheza. Baada ya saa ishirini, ama hamsini, bolti inakatika, silinda inang'oka. Na ukisoma daftari la ndege, karakana imeshasahaulika, kila mtu anasema injini imekufa ghafla.

TAJIRI: Na silinda hiyo ulikuwa unaitoa kwa nini?

FUNDI: Kompresheni ndogo.

TAJIRI: Iliyokuwa ndogo kweli?

Mzee alitabasamu, nadhani kwa sababu lilikuwa swali zuri kutoka kwa mtu ambaye hakulitarajia kwake. Kipimo hiki kinafanywa kwa kujaza silinda upepo wa pauni 80 na kusoma unaobaki. Lakini usomaji hubadilika injini ikipoa, na hubadilika pete zikikaa vibaya siku hiyo. Silinda iliyofeli asubuhi huweza kufaulu baada ya kurushwa saa moja. Fundi alisema zamani walizitoa nyingi kwa kusoma namba tu. Siku hizi anapitisha kamera nyembamba ya waya kwenye tundu la plagi na kuitazama vali ya moshi: ikiwa na duara sawa la rangi, ni nzima, duara likikaa upande kama mwezi mchanga, vali inaungua. Rubani alipiga meza. Hicho ndicho anachodai, alisema: macho kwanza, spana baadaye.

Tajiri akaona wamekubaliana na yeye hajasema lake.

TAJIRI: Kamera nzuri, macho mazuri. Sasa njoo kwangu. Ndege ikilala karakana siku moja msimu huu, mteja anavuka barabara kwa jirani na harudi. Ile yangu imefanyiwa sevisi leo asubuhi na saa kumi inapeleka watu watano mbugani. Nimempigia Mzee mara tatu kumuuliza imeisha au haijaisha, ndiyo, nimempigia, na mngekuwa na mikopo yangu mngepiga mara sita. Mnataka niweke fundi wa pili wa kutazama kazi ya wa kwanza. Nani anamlipa?

MKAGUZI: Ulimpigia akiwa anafanya nini?

TAJIRI: Nitajuaje? Simu ya dakika moja!

MKAGUZI: Mwaka 1993 Gordon Dupont, wa idara ya uchukuzi ya Kanada, aliandika orodha ya mambo kumi na mawili yanayomfanya fundi mzuri akosee. Uchovu umo, shinikizo limo, kukosa vifaa kumo, na kukatizwa kazi kumo. Baada ya hapo karakana makini ziliweka desturi: ukikatizwa, ukirudi usianzie ulipoachia, rudi hatua tatu nyuma. Kwa sababu akili ya mtu ikikatizwa inaamini imemaliza kile ilichokuwa inakusudia kukifanya. Dakika yako moja ni hatua tatu za mwenzako.

TAJIRI: Kama ni mzembe, ni mzembe tu, hata bila simu.

MKAGUZI: Ngoja nikupe wasio wazembe. Tarehe 5 Mei 1983, ndege ya shirika la Eastern, Lockheed L-1011 yenye injini tatu, inatoka Miami kwenda Nassau na watu 172. Si ndege ndogo, lakini kosa lake linaingia kwenye karakana yoyote. Usiku wa kuamkia siku hiyo mafundi walibadilisha kwenye kila injini kile kifaa chenye sumaku cha kukamata vichembe vya chuma kwenye oili. Kifaa hicho kinazibwa na pete za mpira, hizi mnazoziita oringi. Siku zote walikikuta kabatini kwa msimamizi kikiwa kimeshavishwa pete. Usiku ule kabati lilikuwa tupu. Wakaenda stoo, wakapewa vingine vyenye lebo ya kuwa tayari kwa kazi, ila havina pete. Wakavifunga kama walivyozoea, injini zote tatu. Wakaizungusha kila injini sekunde chache kuangalia uvujaji, hawakuona tone. Angani oili ikaisha. Injini ya katikati ikazimwa kwa tahadhari, zile mbili nyingine zikafa zenyewe, ndege ikashuka kimya juu ya bahari mpaka wakafanikiwa kuiwasha tena ile ya katikati. Wakatua Miami na injini moja. Hakuna aliyeumia.

FUNDI: Saini ya pete si ilikuwepo?

MKAGUZI: Karatasi ya kazi ilitaja pete mpya, na saini ilikuwepo. Shirika lenyewe lilikuwa limeshapata matukio ya namna hiyo kabla, likaonya kwa barua. Barua iligongwa ubaoni. Sasa niambie, Bosi, hapo unamfukuza nani? Aliyefunga, aliyetoa stoo, au aliyekuwa akijaza kabati kila siku bila mtu kujua kwamba usalama wa ndege unamtegemea yeye?

Tajiri hakujibu. Rubani ndiye aliyedaka jambo ambalo mimi ningelipita: kwamba kilichokaribia kuwaua si kosa moja, ni kosa moja kurudiwa mara tatu na mafundi wale wale usiku ule ule. Ndege ya injini mbili, alisema, inauzwa kwa hoja kwamba moja ikifa nyingine inabaki. Ukizipeleka zote mbili kwa fundi mmoja siku moja, umeifanya ya injini moja na hujamwambia abiria. Mzee alisema yeye hupishanisha kwa saa ishirini na tano. Hakuagizwa na mtu. Aliyemfundisha alifanya hivyo.

Ilibaki ile ya lawama, na hapo ndipo sauti zilipopanda.

TAJIRI: Mimi sheria yangu fupi. Injini ikifa kwa mkono wa fundi, fundi atoe leseni, aende mahakamani.

MKAGUZI: Kwanza uwe na hakika ni mkono wa fundi. Usiku wa 31 Mei 2000, Piper Chieftain, injini mbili, inatoka Adelaide kwenda Whyalla, Australia, rubani na abiria saba. Injini zote mbili zinapoteza nguvu, ndege inashukia majini kwenye Ghuba ya Spencer, wote wanane wanakufa. Wachunguzi wa serikali wakasema krenki ya kushoto ilikatika baada ya beringi ya konrodi kuharibika, wakataja dawa iliyopakwa mahali pa beringi wakati wa kuunganisha injini, wakataja na desturi ya marubani kubana petroli. Rubani akaongeza nguvu upande wa kulia, pistoni ikatoboka kwa joto. Kwa hiyo lawama zikagawanyika: aliyeunganisha, aliyerusha. Mwaka 2003 hakimu wa uchunguzi wa vifo akaukataa mlolongo huo, akakielekezea kidole chuma chenyewe cha krenki. Na katikati ya hapo, mwaka 2002, Lycoming, waliotengeneza injini hizo, walikuwa wameshaanza kuzirudisha kiwandani krenki za injini kubwa za familia hiyo kwa kasoro ya chuma. Wataalamu wenye maabara hawakukubaliana. Wewe una sheria fupi.

RUBANI: Lakini Bwana Mkaguzi, hiyo nayo ni njia ya kukimbia. Ya kwangu Jumatano haikuhitaji maabara. Filta ilikuwa inazunguka kwa mkono.

MKAGUZI: Kweli. Ndiyo maana Kiambatisho cha 13 cha mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga kinatenganisha: uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia nyingine, si wa kugawa lawama. Mahakama ina mlango wake. Mimi nimehoji mafundi miaka ishirini na minne. Fundi akijua karatasi yangu itampeleka jela, ananiambia alikaza. Wote walikaza. Kwa maelezo yao hakuna nati iliyowahi kusahauliwa nchi hii.

FUNDI: Kuna waya mwembamba tunaoufunga kwenye filta na kwenye bolti zinazotikisika. Unaupitisha tundu hili, unausokota, unauvuta kuelekea upande wa kukaza, ili nati ikitaka kulegea ijivute yenyewe. Unakuchoma vidole. Ukimaliza unakata ncha, unaikunja ndani isimchane mwenzako. Kazi ya dakika tatu. Nimefunga maelfu. Unajua tatizo lake nini? Kwa kuwa nimefunga maelfu, nikifumba macho nauona umefungwa. Nauona hata pale ambapo sikuufunga.

RUBANI: Umewahi kwenda kwa bosi ukamwambia sina hakika?

FUNDI: Bosi yupi?

Alisema kwa upole, akimtazama mama wa kibanda aliyekuwa akisuuza vikombe.

TAJIRI: Mzee, usinitafute. Kwangu mimi mtu akisema amesahau, simfukuzi. Hajawahi kusema mtu, basi tu. Hawa hapa mashahidi, na huyu anaandika.

Niliandika. Fundi alikunja kitambaa chake mara mbili, akakifunua, akakikunja tena. Saa ya mkononi ya Rubani ilisoma saa tisa na dakika tano.

FUNDI: Basi ile 206 yako, Bosi. Ulipopiga simu ya pili nilikuwa nimeshika filta. Nakumbuka kuikaza. Waya, naukumbuka. Ila naukumbuka kama ninavyokumbuka yote.

Hakuna aliyesema kitu. Mkaguzi aliinuka wa kwanza, kwa mazoea nadhani, na wote tukamfuata kupitia geti dogo, Rubani akiwa na tochi ya simu. Kutoa kava la injini huchukua muda; skurubu ni nyingi na mzee hakutaka kusaidiwa. Alitoa moja moja, akaziweka kwenye sahani ya bati. Abiria watano walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye kivuli na kofia zao mpya. Kava lilipotoka, Rubani alimulika nyuma ya injini, na pale palikuwa na waya, umesokotwa sawasawa, unavuta kuelekea kwenye kukaza, ncha imekunjwa ndani. Mzee aliugusa kwa kidole. Kisha alichukua spana ya kipimo akarudia kila kitu alichokigusa asubuhi, kuanzia hatua tatu kabla ya filta, na Mkaguzi akasimama pembeni akisoma karatasi kwa sauti.

Simu ya Tajiri ililia saa kumi na robo. Alisogea pembeni kidogo, lakini karakana za bati hupokea sauti.

“Ndiyo, tumechelewa kidogo. Hapana, haijaharibika,” alisema. “Fundi hakuwa na hakika.”